Kona ya Gadi Mstaafu: Alpi kwa treni, na siku ni tano tu

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi moja, kwamba binti yangu ni muuguzi mjini Chur, mashariki mwa Uswisi, na kwamba nikienda kumtembelea siku zangu huishia ndani ya treni. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika juu ya nauli za matatu. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu maswali ya wengine wengi yamo ndani yake.

*Mzee Gadi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Donholm. Mke wangu na mimi tumeweka akiba, na mwezi wa Agosti shule zikifungwa tunataka kwenda Milima ya Alpi kwa mara ya kwanza. Tuna siku tano. Nimeandaa ratiba hii: tutue Zürich, twende Interlaken tupande Jungfraujoch, kesho yake Zermatt tuone Matterhorn, halafu Glacier Express hadi St. Moritz, halafu Bernina Express hadi Italia, siku ya tano Paris. Rafiki yangu anasema inawezekana kwa kuwa treni za Uswisi hazichelewi. Wewe uliyefanya kazi relini unasemaje? — Mwalimu, Donholm*

Marahaba, mwalimu, na umsalimie mama.

Kwenye karatasi inawezekana. Lakini tupige hesabu. Glacier Express kutoka Zermatt hadi St. Moritz ni karibu saa nane. Wenyewe hujisifu kwamba ndiyo ekspresi ya polepole kuliko zote duniani. St. Moritz hadi Tirano, upande wa Italia, ongeza saa mbili na nusu. Tirano hadi Milano, saa mbili na nusu nyingine. Milano hadi Paris ni kama saa saba. Kila usiku mtalala mji mwingine, kila asubuhi mtafunga sanduku, na mkirudi Donholm mkiulizwa mliona nini mtataja majina ya stesheni.

Paris ifute. Ni mji mzuri, uwekee safari yake.

Jungfraujoch sikukatazi, ila sikushauri kwa safari hii. Reli ile ni kazi ya ajabu. Ilianza kujengwa 1896, mwaka ule ule reli yetu ilipoanza kutandikwa kutoka Mombasa, ikafika juu 1912 baada ya kutoboa miamba ya Eiger na Mönch. Adolf Guyer-Zeller aliyeibuni alifariki 1899, kazi ikiwa bado changa. Stesheni ya juu iko mita 3,454, na hakuna stesheni ya reli iliyo juu zaidi Ulaya nzima. Lakini nauli ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken hupita faranga 200 kwa kichwa kimoja, na ninapoandika faranga moja inavuka shilingi 150 zetu. Mkipanda siku ya ukungu mmelipa pesa hizo kutazama weupe mtupu. Mtu mwenye siku kumi anaweza kungoja mbingu zifunguke. Mwenye siku tano hawezi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi hulisahau. Sisi ni watu wa juu. Zermatt, kijiji kilicho miguuni mwa Matterhorn, kiko karibu usawa mmoja na stesheni yetu ya reli pale mjini. Mont Blanc, ulio mrefu kuliko milima yote ya Alpi, unazidi mita 4,800 kidogo tu. Batian yetu, kilele cha Mlima Kenya, ni mita 5,199. Mkitua Zürich mtakuwa mmeshuka, si mmepanda, maana mji ule uko kama mita 400 tu juu ya bahari. Kwa hiyo msiende kule kununua urefu kwa bei ya faranga. Kinachofaa kulipiwa ni namna reli inavyoipanda milima ile, na hicho hakihitaji treni yenye jina la kifahari. Treni za kawaida za abiria, zile wanazopanda wanafunzi na wauza jibini, hupita juu ya reli zile zile.

Ushauri wangu basi: laleni miji miwili tu, Chur usiku wa kwanza na wa pili, Luzern usiku wa tatu na wa nne.

Siku ya kutua msitoke nje ya uwanja kutafuta teksi. Stesheni iko chini ya uwanja wenyewe. Treni hadi stesheni kuu ya Zürich ni dakika kumi na kitu, kisha ya Chur ni saa moja na robo. Kaeni upande wa kushoto. Kwanza mtaambatana na ziwa la Zürich, halafu mtafika Walensee, ziwa jembamba la kijani lililobanwa na ukuta wa mawe wa Churfirsten ng'ambo ya pili. Mtakuwa na usingizi wa ndege, lakini msilale hapo. Chur ni mji mdogo wa zamani sana, vyumba vyake ni nafuu kuliko vya St. Moritz, na ndipo reli pana inapoishia mikononi mwa reli nyembamba ya Rhätische Bahn.

Nivumilie hapa, mwalimu, maana ndipo ninapopapenda. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,000, sawasawa na ile ya kwetu ya zamani, ile ya kabla ya treni ya Madaraka Express, niliyoihudumia kama gadi tangu ujana. Mabehewa mekundu, vichwa vidogo vyenye nguvu, kona kali ambazo ukitoa kichwa dirishani unaona mkia wa treni yako. Na usidhani wao wametuzidi kila kitu: njia ya Bernina kileleni inafika mita 2,253, ilhali reli yetu ya kwenda Uganda ilipita Timboroa zaidi ya mita 2,700. Tofauti ni kwamba wao waliitunza.

Siku ya pili ndiyo siku ya Bernina. Ondokeni Chur mapema. Treni ya panorama inayoitwa Bernina Express ina vioo vikubwa vinavyopanda hadi darini, na lazima mlipie nafasi kando juu ya tikiti. Vioo vyake havifunguki. Mimi hupanda ya kawaida, ambayo hutoka takribani kila saa, nikatafuta behewa ambalo dirisha lake linashuka. Si yote yanayo, kwa hiyo tembeeni ndani mpaka mlipate. Kutoka Chur kaeni kulia. Mkishapita Tiefencastel kaeni tayari na simu, maana daraja la Landwasser halingoji mtu. Ni nguzo za mawe zenye kimo cha mita 65, zilizojengwa 1902, na daraja lenyewe limepinda. Kabla hujamaliza kushangaa, treni inaingia moja kwa moja ndani ya ukuta wa jabali ambamo mdomo wa handaki umetobolewa. Hakuna kingo, hakuna uwanja wa kupumulia: daraja, halafu giza.

Kati ya Bergün na Preda mlima ni mkali kiasi kwamba wahandisi waliizungusha reli ndani ya mahandaki ya duara ili ipate nafasi ya kupanda. Mtaliona kanisa la Bergün kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena likiwa dogo zaidi. Mke wako atasema mmepotea. Hamjapotea.

Mtabadilisha treni Samedan, Pontresina au St. Moritz, kutegemea saa mliyoondoka. Kuanzia hapo reli inapanda uwanda usio na miti hadi Lago Bianco, ziwa lenye maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na unga wa mawe kutoka kwenye barafu. Stesheni ya Alp Grüm shukeni, hata kama ni kwa treni moja tu. Iko mita 2,091. Mbele yenu mto wa barafu wa Palü umening'inia mlimani, na chini kabisa bonde la Poschiavo linaonekana na ziwa lake. Treni itakayowachukua mtaisikia kabla ya kuiona, magurudumu yakilia kwenye kona, kilio kile kile ambacho wazee wa Kijabe wanakijua.

Baada ya hapo ni kuteremka. Kutoka kilele cha Bernina hadi Tirano, iliyo mita 429 tu, ni chini ya kilomita 40 za reli, na hakuna reli ya meno, ile ambayo gurudumu la treni hung'ata meno ya chuma katikati ya reli ili lisiteleze, hata mahali pamoja. Mteremko unafika mita 70 kwa kila mita 1,000. Mimi niliyewahi kusimama kwenye behewa la nyuma nikiomba breki zishike, nawaambia huo si mteremko wa mchezo. Karibu na Brusio, reli ilipokosa pa kushukia, walijenga daraja la duara kwenye uwanja wazi: treni inazunguka kama mtu anayetafuta funguo aliyoiangusha, kisha inapita chini ya tao la daraja lile lile ililotoka kulipita juu. Tirano kuleni mchana, tembeeni hadi kanisani. Reli inapita barabarani mbele ya kanisa lenyewe, magari yakisimama kuipisha. Kisha rudini. Kwenda ni saa nne hivi na kurudi ni hizo hizo. Mkichoka, geuzeni Alp Grüm na hamtakuwa mmekosa sana. Pasipoti iwe mfukoni, kwa kuwa Tirano ni Italia.

Siku ya tatu ndiyo ambayo waandishi wa ratiba wengi hawaijui. Badala ya kurudi Zürich kwa njia ya mkato, pandeni treni ya Disentis. Inapita ndani ya Ruinaulta, korongo ambalo mto Rhine ulijichimbia katika kifusi cha maporomoko makubwa ya Flims ya miaka karibu elfu kumi iliyopita. Kuta ni nyeupe, mto ni wa kijani, na barabara kuu haipiti humo. Reli imejipatia peke yake. Disentis mnahamia treni nyingine nyekundu, hii ya meno, inayopanda Oberalppass hadi mita 2,033. Juu kule kuna kitu kitakachowachekesha: mnara mwekundu wa taa, wa kuongozea meli, mlimani kabisa. Wameuweka kwa sababu Rhine unaanzia jirani na hapo na kuishia baharini Uholanzi. Njia hii yote ni ile ile ya Glacier Express, nanyi mmeipita bila kulipia nafasi.

Andermatt mnateremka hadi Göschenen, na hapo mnaingia reli ya zamani ya Gotthard ya 1882. Treni za haraka siku hizi hupita chini kabisa, kwenye handaki la kilomita 57 lililofunguliwa 2016, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Fahari kubwa ya uhandisi, na abiria anaona giza kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Ninyi mtapita juu. Kanisa dogo jeupe la Wassen mtaliona mara tatu: kwanza mkilitazama kutoka juu, kisha mkiwa usawa wake, kisha likiwa juu yenu. Mtabadilisha tena treni njiani, na jioni mko Luzern.

Siku ya nne ni ya kupumzika, ila pumziko la mtu wa reli. Boti kutoka Luzern hadi Vitznau, karibu saa moja juu ya ziwa, kisha reli ya meno ya Rigi. Hii ilifunguliwa 1871 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Ulaya. Niklaus Riggenbach ndiye aliyeijenga. Kileleni, Rigi Kulm, mtapigwa na upepo, mtaona maziwa pande zote na safu ya milima yenye theluji kusini. Watalii watakuwa wakihema na kupigana picha kwa sababu wamefika juu. Mtakuwa kama mita 1,798 juu ya bahari, yaani kimo cha Dagoretti Corner.

Siku ya tano, Luzern hadi uwanja wa ndege wa Zürich ni saa moja na dakika chache, bila kubadilisha mkichagua treni ifaayo.

Tikiti sasa. Kwa mpango huu chukueni Swiss Travel Pass ya siku nne mfululizo, daraja la pili, karibu faranga 300 kwa mtu. Inawabeba kuanzia uwanja wa ndege, inafika mpaka Tirano, inapanda Oberalp, inalipia boti na Rigi nzima. Inauzwa kwa wasioishi Uswisi peke yao. Safari ya siku ya mwisho kateni tikiti ya kawaida. Daraja la kwanza halina haja. Mlima ni ule ule. Mtu atakayekaa mji mmoja na kufanya safari moja au mbili tu, huyo aangalie kadi ya nusu nauli badala ya pasi, au tikiti za siku zinazouzwa mapema, ambazo bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia.

Na rafiki yako aliyesema hazichelewi hajakosea sana, lakini hiyo ina upande wake wa pili. Pale Syokimau, kwenye stesheni ya Madaraka Express, umezoea kufika saa nzima kabla: mizigo chini, mbwa wananusa, mashine, kitambulisho, foleni. Zürich hakuna geti wala mlinzi. Unatoka barabarani mpaka kwenye jukwaa, na hakuna anayekuuliza kitu hadi mkaguzi atakapopita ndani ya treni. Ukiwa huna tikiti wakati huo, hakuna "nisaidie kidogo, mkubwa", ni faini. Muda wa kubadilisha treni mara nyingi ni dakika tano hadi nane, na hiyo haikupangwa na mwendawazimu: treni zote hupangwa zikutane stesheni kubwa kwa wakati mmoja, kisha zitawanyike. Tazama saa ya jukwaani. Mshale wake mwekundu wa sekunde unakimbia, unafika juu, unasimama kidogo, mshale wa dakika unaruka, ndipo unaendelea. Milango hufungwa karibu na kuruka huko. Mkiikosa treni msigombane, nyingine ipo baada ya nusu saa au saa moja.

*Mzee, mimi niko Buruburu na sijawahi kuomba viza ya Ulaya. Nimesikia ukitua Ufaransa lazima uombe ubalozi wa Ufaransa. Ni kweli? Na wanataka nini hasa? — Mama Pacha*

Si kweli, mama. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukitua Paris ukalala usiku mmoja, kisha ukakaa Uswisi usiku nne, unaomba Uswisi. Siku zikilingana, ndipo nchi ya kuingilia inapohesabiwa. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika Schengen tangu 2008, hivyo viza moja inakutosha hadi Tirano na kurudi.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na pacha wako wakiwa kati ya miaka 6 na 12 ni yuro 45 kila mmoja. Wakala anayepokea fomu hutoza yake juu. Bima ya safari iwe inalipia matibabu hadi yuro 30,000 angalau. Pasipoti ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kule, iwe na kurasa mbili tupu. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na kwa safari ya Agosti mimi ningekwenda Mei. Alama za vidole wakishazichukua huzihifadhi karibu miaka mitano.

Kinachowaangusha Wakenya wengi si pesa kidogo, ni pesa ya ghafla. Jirani yangu aliweka laki nne kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, mkopo wa chama, akanyimwa. Akaunti inayopumua kila mwezi, mshahara ukiingia na kodi ikitoka, inazungumza vizuri kuliko mlima wa pesa uliozuka juzi. Kama pesa ni za chama, ambatanisha barua ya chama na maelezo ya michango. Mwajiriwa alete barua ya likizo. Mwenye duka alete leseni ya biashara na cheti cha kodi. Ratiba iandike kwa siku na mji wa kulala. Ndege weka nafasi tu, usilipe tikiti isiyorudishwa kabla viza haijagongwa.

*Assalaam aleikum, Mzee Gadi. Tunaishi South C. Chakula kule tutafanyaje, na jibini lao maarufu tunaweza kula? — Abu Khalid*

Waaleikum salaam. Swali zuri, na jibu linawaponyoka wengi: fondue, ile sufuria ya jibini lililoyeyushwa, hupikwa na divai nyeupe, na mara nyingi wanatia na kirsch, ambayo ni pombe kali ya cheri. Iache. Raclette ni jibini linaloyeyushwa peke yake na kumwagwa juu ya viazi vya kuchemsha. Hiyo uliza tu wasikuwekee nyama pembeni. Rösti, viazi vilivyoparuzwa na kukaangwa, ni tamu, ila mara nyingi inatoka na vipande vya nguruwe, kwa hiyo uliza kabla. Samaki wa ziwani wapo Luzern.

Mkahawani mtaumia mfuko. Sisi hununua kwenye maduka makubwa ya Coop au Migros: mkate, mayai ya kuchemsha, matunda, mtindi, karanga, tukala ndani ya treni na hakuna anayekutazama vibaya. Maji msinunue, chemchemi za mitaani zinanyweka. Jumapili maduka mengi hufungwa kutwa, isipokuwa yale ya ndani ya stesheni kubwa na viwanja vya ndege, kwa hiyo Jumamosi nunueni ya kesho. Chur msikose pai ya walnati na karameli ambayo ndiyo fahari ya mkoa ule.

*Mzee, mwanangu wa miaka 9 anataka kuikanyaga theluji na likizo yetu ni Agosti. Ipo? Na nauli yake? — Mama Njeri, Kahawa*

Ipo, ila juu. Mkilala Luzern, treni ya Engelberg ni kama dakika 45, kisha magari ya waya hadi Titlis, zaidi ya mita 3,000. La mwisho linazunguka polepole likipanda, kila mtu anaona pande zote. Treni imo ndani ya pasi, magari ya waya mnalipa nusu. Asubuhi kabla ya kwenda tazameni kwanza picha za kamera za kileleni. Karibu kila mlima unazo kwenye tovuti yake, na mkiona kijivu, hamishieni safari kesho. Mtoto chini ya miaka 16 akiwa na mzazi mwenye pasi husafiri bure, mkiomba kadi ya familia wakati wa kununua. Hiyo kadi haitozwi, lakini msipoiomba hakuna atakayewakumbusha.

Koti zito msinunue kule. Gikomba mtapata jaketi zuri la theluji kwa bei ya kahawa tatu za Zürich. Miwani ya jua ni lazima. Novemba msiende: theluji ya chini haijaja, na magari mengi ya waya yamesimama kwa ukarabati.

*Magoti yangu ni ya miaka 68. Nitaweza? — Mzee mwenzako, Lang'ata*

Utaweza, ndugu yangu. Treni nyingi za njia kuu sakafu yake iko usawa wa jukwaa. Mabehewa ya zamani ya Bernina ndiyo yenye ngazi mbili tatu, shika mpini na usione haya kumwomba kijana akushikie begi. Ukitaka kufika Titlis au Jungfraujoch, tembea taratibu ukishuka na usiharakishe ngazi. Sisi wa Nairobi tumezoea hewa nyepesi kidogo, ila mita 3,000 bado ni mita 3,000. Begi liwe moja, lile unaloweza kuliinua mwenyewe. Siku ya kuhama mji liache kwenye kabati za kulipia za stesheni badala ya kulivuta mjini.

*Na chai ya maziwa, Mzee? — Shangazi, Umoja*

Beba majani yako, shangazi. Maziwa yao ni mazuri mno, chai yao ni mfuko uliochovywa kwenye maji ya vuguvugu. Hoteli nyingi hazina birika chumbani, hivyo beba birika dogo la safari. Plagi yetu ya miguu bapa haiingii kule. Nenda Luthuli Avenue uombe adapta ya Uswisi, usikubali ile nene ya Ujerumani, maana tundu la ukutani kule ni dogo na lina umbo la pembe sita. Ile nene inakataa kabisa.